Kabla ya Kulaumu Kirusi Kipya, Angalia Kandambili Zako

Jumapili iliyopita, saa nne usiku, simu iliita kidogo nikiwa nimeshapanda kitandani. Ujumbe kutoka kwa msomaji wa Morogoro: "Shikamoo dada. Wiki iliyopita niliokota watoto watano wa mbwa. Wawili wanatapika, mmoja anaharisha damu. Amepimwa pavo, kipimo kinasema hana. Nimesoma kwamba kuna virusi vipya vya tumbo. Ndivyo hivyo?"

Marahaba, mdogo wangu. Usiku uleule nilikujibu kwa kifupi: chukulia ni pavo, kile kirusi kinachoua watoto wa mbwa kwa kutapika na kuharisha damu, watenge, na asubuhi kabla hujanywa chai uwe umeshafika kwa daktari wa mifugo. Leo ndiyo naandika jibu refu. Ni refu kwa sababu swali lako niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe mwaka jana, karibu kwa maneno hayohayo, huku nina mizoga miwili kwenye kiroba nyuma ya jiko.

Mlionizoea mnajua kwamba nina mabanda ya mbwa wa kuokotwa huku Goba. Majirani waliniita Mama Mbwa kwa kunikejeli, siku hizi hata bodaboda wanaleta mzigo kwa jina hilo. Januari ya mwaka jana niliandika kwa mbwembwe kwamba tumemaliza miaka mitatu bila kumzika mbwa hata mmoja kwa pavo. Nikatoa na ushauri juu yake. Yale maandishi bado yapo, sijayafuta, mkitaka kunicheka nendeni mkayasome.

Mei, mvua za masika zikiwa zimekazana, mtu alishusha boksi la mafuta ya kupikia getini kwangu. Ndani watoto tisa wa mbwa, umri wa wiki saba hivi, wamelowa, matumbo yamejaa minyoo kama vibuyu. Kanuni yangu mwenyewe, niliyoiandika kwa wino mwekundu na kuibandika ukutani, inasema mgeni yeyote anakaa banda la karantini siku 14. Lakini banda la karantini lilikuwa linavuja. Nikawaweka stoo, mlango kwa mlango na watoto wakubwa wa mbwa niliokuwa nawatafutia kwa kwenda. Nikasema ni siku mbili tu, fundi wa bati aje. Fundi hakuja.

Siku ya nne, yule niliyempa jina la Karanga alikataa uji. Alikaa pembeni, shingo imelegea, akatapika povu la njano. Minyoo hiyo, nikajiambia, nikampa dawa ya minyoo. Siku ya tano stoo ilikuwa na ile harufu. Siwezi kuieleza vizuri: damu, chuma, na kitu kitamu kilichooza. Ukishainusa mara moja, hata ukiwa barabarani na banda liko nyuma ya ukuta, unajua. Mimi niliijua. Pua yangu ilijua kabla sijafika mlangoni.

Daktari akachukua kinyesi, akapima kwa kile kipimo cha haraka, tukasubiri dakika kumi. Mstari mmoja. Hana pavo.

Na hapa ndipo ninapoona aibu. Nilifurahi. Mtoto wa mbwa anakata roho miguuni pangu, na mimi nafurahi, kwa sababu ile miaka mitatu yangu ilikuwa bado haijaguswa.

Usiku huo sikulala, nilisoma. Na ukitaka kupata kirusi cha kumsingizia, vipo. Kuna sirkovirusi ya mbwa, iliyoripotiwa mara ya kwanza Marekani mwaka 2012, na mwaka uliofuata ikahusishwa na mbwa walioharisha damu huko California. Kuna kobuvirusi, 2011. Kuna norovirusi, ndugu wa ile inayowatapisha watu. Kuna astrovirusi, ambayo ilishaonekana kwa watoto wa mbwa tangu 1980. Kuna kirusi cha korona cha mbwa, ambacho si cha jana wala juzi, kilipatikana Ujerumani mwaka 1971 kwa mbwa wa jeshi. Kwa kawaida kinaharisha na kupita, lakini Italia mwaka 2005 ilitokea aina yake iliyotoka utumboni na kuingia viungo vingine, ikaua. Kufika saa nane usiku nilikuwa nimeshajitunuku shahada. Nikaandika kwenye grupu letu la waokoaji: "Jamani, tahadhari, kuna kirusi kipya Goba." Asubuhi simu zilikuwa haziishi. Kuna mama mmoja wa Kigamboni alifunga geti lake mwezi mzima kwa ajili yangu.

Karanga alikufa asubuhi hiyohiyo. Aliyefuata alikuwa Mandazi.

Daktari wetu ni mzee wa maneno machache. Aliniacha nimalize hotuba yangu ya sirkovirusi, kisha akaniambia: "Mama, kipimo kikisema hakuna, na mbwa anaharisha damu, na chanjo hajamaliza, mwamini mbwa." Akamtoa Mandazi tone la damu, akalipaka kwenye kioo, akatazama kwa darubini. Chembe nyeupe zilikuwa za kuhesabu. Kirusi cha pavo hutafuta seli zinazogawanyika haraka, kwa hiyo kinashambulia ukuta wa utumbo mwembamba na uboho, unakotengenezwa chembe hizo nyeupe, kwa wakati mmoja. Utumbo unachubuka, bakteria wanavuka kuingia kwenye damu, na askari wa kuwazuia hawapo. Alirudia kile kipimo kwa kinyesi kipya. Mistari miwili.

Kwa nini mara ya kwanza kilidanganya? Mgonjwa hatoi kirusi kwa kiwango kilekile kila siku. Ukipima mapema mno au umechelewa, unakikosa. Tena utumbo ukivuja damu, kingamwili zinazotoka nazo hukifunika kirusi, kipimo kikapita bila kukiona. Jibu la "anacho" liamini. Jibu la "hana" lifanyie shaka.

Nilipata faraja kidogo baadaye niliposoma habari za Michigan. Agosti 2022, mbwa walianza kufa katika wilaya ya Otsego, wengi ndani ya siku tatu, na vipimo vya kliniki vikisema hawana pavo. Dunia nzima ikaandika kuhusu ugonjwa wa ajabu. Mbwa zaidi ya 20 walishakufa wakati maabara ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan ilipotoa jibu: pavo. Ileile. Na waliokufa hawakuwa wamekamilisha chanjo. Kumbe Wamarekani wenye maabara zao nao walikesha kama mimi. Ila wao hawakumfungisha geti mama wa Kigamboni.

Sisemi virusi vipya ni hadithi. Pavo yenyewe ilikuwa mpya mwaka 1978. Ilitokana na kirusi cha paka au ndugu yake wa karibu, ikakuta mbwa wa dunia nzima hawana kinga, na ndani ya miaka miwili ilikuwa imeshazunguka mabara. Kisha ikabadilika, zikaja aina za 2a, 2b, na 2c iliyogunduliwa Italia mwaka 2000. Chanjo zilizopo bado zinazikinga zote. Lakini ile sirkovirusi niliyoivalia njuga hupatikana hata kwa mbwa wanaokimbia na kula vizuri, na mara nyingi ikikutwa kwa mgonjwa, imekutwa pamoja na pavo. Haina chanjo, haina dawa yake. Atakayekuambia ni sirkovirusi atakuwekea dripu ileile, atakuambia utenge vilevile. Sasa jina linakusaidia nini saa tisa usiku?

Makao yetu ni jiko la virusi, tukubali. Unakusanya watoto wa mbwa kutoka mitaa kumi, kila mmoja na kinga yake ya dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, wengine hawakunyonya kabisa. Wana safura, wana viroboto, wana njaa na hofu. Mmoja ana korona, mwingine ana pavo, wanalala wamelaliana. Utumbo mmoja unabeba wageni watatu.

Basi niwaonyeshe kandambili. Ni za kijani, zimeliwa kisigino. Kijana wangu wa usafi alikuwa anazivaa kila asubuhi, anaanza stoo, anatoka, anaingia kwa watoto wakubwa. Hakuna aliyemwambia abadilishe. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia. Ufagio mmoja. Ndoo moja ya jiki, imechanganywa saa moja asubuhi, saa sita mchana bado inatumika, maji yamekuwa rangi ya chai ya rangi na mabaki ya kinyesi yanaelea. Nilichota nikainusa: hata ile harufu kali ya jiki haikuwepo. Klorini ikikutana na uchafu inaishia kwenye uchafu, kirusi hakiguswi. Tulikuwa tunapiga deki kwa pavo.

Sikilizeni vizuri, hili nitalirudia. Kinyesi kitolewe kwanza. Sakafu ioshwe kwa sabuni, isuuzwe, ndipo jiki ipite, na ikae imelowa dakika kumi. Soma kibandiko cha chupa, maana vipimo vya mtandaoni vimeandikwa kwa jiki ya asilimia 5, kikombe 1 kwa vikombe 30 vya maji. Chupa nyingi za kwetu ni asilimia 3.5, kwa hiyo weka kikombe 1 kwa 20. Changanya ya leo, mwaga leo. Dettol inanukia hospitali lakini pavo haiisikii. Na kama sakafu ni udongo, usijidanganye, udongo hausafishwi kwa jiki. Kirusi kinaweza kukaa humo miezi mingi, hata mwaka.

Wale watoto wakubwa walianza kuumwa siku sita baada ya Karanga. Hawa niliapa kwamba wamechanjwa. Ni kweli walichomwa, ila sindano ya mwisho walipata wiki ya kumi, kwa sababu pesa iliisha na nikaona zinatosha. Hazitoshi. Kinga ya dang'a ikiwa bado ipo mwilini inaiua chanjo kabla haijafanya kazi, na hakuna anayejua kwa kila mtoto itaisha lini. Ndiyo maana inarudiwa kila wiki mbili hadi nne mpaka wavuke wiki 16. Halafu kuna hiyo chanjo yenyewe. Niliinunua Kariakoo kipindi cha umeme kukatika-katika, kwenye duka ambalo sitalitaja, ikaja kwa boda kwenye mfuko mweusi, jua la saa saba, bila hata kipande cha barafu. Chupa ilikuwa ya vuguvugu mkononi mwangu. Niliishika, nikahisi lile vuguvugu, nikachoma. Chanjo hii hai inatakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8. Muuza duka ana lake, lakini mkono uliohisi lile joto ni wangu.

Usiku kumi na moja tulikesha. Wengi wenu mnajua kukesha kulivyo, siyaelezi. Dripu, dawa ya kuzuia kutapika, antibayotiki, chupa za maji ya moto zimefungwa kanga. Jirani yangu mzee, ambaye hagusi mbwa kwa ajili ya udhu wake, alileta birika la maji ya moto kila baada ya saa mbili, analiweka juu ya ukuta na kukohoa ili nijue limefika. Daktari aliniruhusu niwape chakula kidogo kidogo mapema, kijiko cha mchuzi wa kuku, tofauti na zamani tulipokuwa tunawanyima chakula. Mbwa wa pavo asiyetibiwa kwa kawaida hufa. Akitibiwa mapema na kwa ukamilifu hospitalini, wengi wanapona, wanane au tisa kwa kumi. Kwangu walichelewa siku mbili, zile siku zangu mbili za shahada. Waliougua wote walikuwa 14. Wamepona watano. Tisa wako chini ya mwembe.

Mwenzangu tuliyeanza naye kazi hii aliwaandikia wafadhili kwamba nilificha ugonjwa ili nilinde jina. Akaondoka na wawili kati yao. Nimelitafakari mwaka mzima. Alichosema kina ukweli nusu yake, tena nusu kubwa. Kinachouma ni kwamba aliwaambia wao kabla ya kuniambia mimi, na usiku ule wa Mandazi alikuwa na funguo za geti.

Na nyie mnaopiga picha na kila mnayemwokota, mkashangiliwa, kesho mkaokota watatu tena: hesabuni mabanda kabla ya kuhesabu huruma. Kama huna chumba cha mgeni chenye ufagio wake, ndoo yake na viatu vyake, huna nafasi. Hata kama umebakiza mabanda matupu sita. Nilikuwa nayo matupu manne siku ile lilipokuja boksi. Tenga kwanza. Chanja siku anayoingia, usisubiri Jumamosi. Tenga. Anza kwa wazima, malizia kwa wagonjwa, na ukishaingia kwa wagonjwa usirudi.

Wa Morogoro ameniandikia tena jana. Wawili wamekufa, watatu wako kwenye dripu, mmoja amelamba mchuzi. Kipimo cha pili kimetoa mistari miwili. Kisha chini kabisa: "Dada, sasa hivi kuna mtoto ameniletea wengine wawili kwenye ndoo, wamechangamka kabisa, wako hapa mlangoni. Niwaweke wapi?"

Sikuandika, nilipiga. Alipopokea nilimsikia anatembea, na chini yake yale mapigo ya plastiki kwenye saruji, pa, pa, pa. Nikamwambia asimame palepale, nikamwuliza kavaa nini miguuni.