Upma imegeuka madonge: kosa liko wapi?

SWALI: Nimejaribu mara tatu kupika upma, kile kifungua kinywa cha chumvi cha Wahindi wa kusini kinachopikwa kwa semolina. Kila nikimimina inashikana madonge, na ukilivunja donge unakuta unga mkavu ndani. Mara ya tatu niliongeza maji, ikawa gundi. Nakosea wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu yetu, makosa ni mawili. Semolina, au suji kama inavyoitwa kwenye maduka ya Wahindi, haikukaangwa ikatosha. Na maji hayakuwa yanatokota ulipoimimina. Suji mbichi ikikutana na maji, wanga wa juu unanata papo hapo, chembe zinashikana, na utando huo unazuia maji yasifike ndani. Kuongeza maji hakusaidii kitu: donge linabaki vilevile, kinacholizunguka ndicho kinachogeuka gundi.

Nunua suji ya chembechembe. Ukiisugua vidoleni uisikie kama mchanga wa pwani. Iliyo laini kama unga wa ngano haifai hapa.

Kwa watu watatu, pima kikombe 1 cha suji na maji vikombe 2 na nusu. Kaanga suji kwenye karai kavu, moto mdogo, dakika 6 au 7, mwiko usipumzike. Usitafute rangi, tafuta harufu: itanukia kama karanga, na chembe zitateleza kila moja kivyake. Ikianza kuwa kahawia umechelewa. Imwage kwenye sahani mara moja, kwa sababu karai lenyewe bado linaikaanga.

Karai hilohilo litie mafuta au samli vijiko vikubwa 2, na haradali nyeusi kijiko 1 cha chai. Ngoja ipasuke na kurukaruka. Isipopasuka italeta uchungu. Fuatisha kijiko 1 cha chai cha urad, zile dengu ndogo nyeupe zilizoparazwa, na zikianza wekundu tia tangawizi, pilipili mbichi 2 na majani 8 ya kari. Majani yakaushe vizuri kwanza, la sivyo mafuta yatakurukia. Kitunguu kimoja kinafuata, nacho kilainike tu.

Sasa maji, na chumvi robo tatu ya kijiko cha chai. Yaonje: yawe na chumvi zaidi kidogo ya mchuzi wa kawaida, kwa kuwa suji itaimeza. (Kwa Kitamil, uppu ni chumvi, na ndiyo iliyomo katika jina la upma.) Yakitokota kwa nguvu, punguza moto, nyunyiza suji kidogokidogo kwa mkono mmoja huku mwingine ukikoroga. Funika dakika 3, zima, iache dakika 5 bila kufunua. Mvuke huo ndio unaoivisha kiini cha kila chembe. Ndimu na kotimiri tia mwishoni kabisa, moto ukiwa umezimwa.

SWALI: Watoto wangu hawataki chakula cha chumvi asubuhi. Naweza kutia sukari? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Usiimwagie sukari upma yenye kitunguu na haradali, utaharibu vyote. Fanya kama Bengaluru, mji wa kusini mwa India: huko upma huitwa khara bath, na hupakuliwa sahani moja na kesari bath, suji tamu ya samli na zafarani iliyopikwa peke yake. Sahani hiyo ndiyo chow chow bath. Njia nyepesi zaidi ni ya Kerala, jimbo la kusini mwa India, ambako wengi huila kwa ndizi mbivu. Mpe mtoto ndizi mkononi na upma isiyo na pilipili.

SWALI: Suji yangu inaingia wadudu kabla sijaimaliza. (Msomaji, Unguja)

JIBU: Ikaange yote kavu siku unayoinunua, iache ipoe kabisa, kisha itie kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana. Usiifunike ikiwa na joto, jasho lake litaleta ukungu. Asubuhi utakuwa umeshaokoa zile dakika 7.