Mwandishi Anapokaa Kwenye Kiti cha Mhariri

Sikuingia katika uhariri kwa mpango. Hadithi zangu za kubuni za kisayansi zilikuwa zimekataliwa na majarida kadhaa, na mhariri mmoja aliyeelemewa na miswada akaniomba nimsaidie kuisoma na kumchujia. Tangu hapo nimefanya kazi zote mbili kwa miaka mingi, na wanaotamani kuingia katika fani hii huniuliza waanze na ipi. Kwa maoni yangu, mwandishi wa hadithi za kisayansi au za fantasia aanze kusoma miswada ya wengine mapema, hata kabla hajajiona yuko tayari, lakini ajilinde, kwa sababu uhariri ukiachiwa huumeza uandishi.

Faida ya kwanza niliiona baada ya kusoma miswada mia mbili hivi. Nilipokuwa mwandishi tu, nilidhani kwamba hadithi zangu zilikataliwa kwa kukosa wazo jipya. Nilipokaa upande wa pili wa meza niligundua kwamba mawazo mapya ni mengi mno, na kinachokosekana ni matokeo yake. Mwandishi anabuni chombo kinachotoka nyota moja hadi nyingine kwa saa moja, ilhali mwanga wenyewe huchukua zaidi ya miaka 4 kutufikia kutoka nyota iliyo jirani kabisa na Jua letu. Kisha katika sura inayofuata wahusika wake wanasubiri barua kwa miezi, kana kwamba chombo kile hakipo. Mwingine anampa mganga uwezo wa kuponya jeraha lolote, halafu mfalme anakufa kwa mkuki mganga akiwa amesimama pembeni, bila sababu kutolewa. Uchawi na mashine katika hadithi zetu havina budi kuwa na gharama na mipaka, na mipaka hiyo ikishawekwa ni lazima iheshimiwe hata pale inapomuumiza mhusika ambaye mwandishi anampenda. Makosa haya niliyasoma kwa wengine kwanza, ndipo nikayatambua katika kurasa zangu. Tangu wakati huo huwa nina daftari kwa kila ulimwengu ninaoubuni, nikiandika humo umbali, kalenda, vyeo, na jambo ambalo kila uwezo unamgharimu mwenye kuutumia.

Historia ya fani yetu ina mfano wa mipaka kuheshimiwa namna hiyo. John W. Campbell, aliyekuwa mhariri wa jarida la hadithi za kisayansi la Astounding tangu 1937 hadi alipofariki 1971, alimrudishia Tom Godwin hadithi moja mara kadhaa kwa sababu Godwin kila mara alibuni njia ya kumwokoa msichana aliyejificha ndani ya chombo cha anga chenye mafuta ya kumtosha rubani peke yake. Hadithi ilipotoka 1954, msichana hakuokolewa, na hadi leo wasomaji wanabishana juu yake. Naamini Campbell alikuwa na haki katika kuidai hesabu ile ya mafuta iheshimiwe, ingawa mhariri mwenye mkono mzito kiasi hicho ni hatari kwa mwandishi mchanga.

Campbell huyohuyo anatuonyesha pia hasara. Alikuwa mtunzi mashuhuri kabla ya kushika jarida, lakini muda mfupi baadaye karibu aliacha kabisa kutunga. Gardner Dozois, aliyehariri jarida la Asimov's Science Fiction kwa karibu miaka ishirini hadi 2004 na kupata tuzo ya Hugo ya uhariri mara 15, alikuwa tayari ameshinda tuzo ya Nebula kwa hadithi zake fupi, lakini katika miaka hiyo aliandika chache sana. Siwalaumu, kwani najua namna inavyotokea. Ukishinda mchana kutwa ukitafuta kasoro katika sentensi za wengine, jioni huwezi kuandika sentensi yako ya kwanza bila kuihukumu. Mimi niliokoka kwa kuandika alfajiri, kabla sijafungua muswada wa mtu yeyote, na kwa kukataa kazi yoyote ya uhariri katika miezi ninayomalizia riwaya.

Lipo kosa moja ambalo bado linaniuma. Mwandishi mmoja chipukizi alituletea hadithi ya fantasia yenye uhai mwingi, na mimi, kwa kudhani ninamsaidia, nikaziandika upya aya zake nyingi kwa sauti yangu. Alijibu kwa adabu kwamba hakuitambua tena hadithi yake, kisha akaiondoa. Alikuwa sahihi. Mwandishi anapogeuka mhariri, kishawishi chake kikubwa ni kuandika hadithi ambayo yeye mwenyewe angeiandika. Sasa ninaandika maswali pembeni mwa ukurasa: kwa nini mlinzi hakupiga kelele, mto huu unatoka wapi, nani analipa gharama ya uchawi huu. Majibu ninamwachia mwenye hadithi.

Kuhusu fedha, usiache ajira yako mapema. Chama cha waandishi wa fani hii cha Marekani, SFWA, kiliweka mwaka 2019 kiwango cha senti 8 za dola kwa neno kuwa malipo ya kitaalamu, kwa hiyo hadithi ya maneno 5,000 inaleta dola 400, tena ikiwa imekubaliwa, na yapo majarida mengi yanayolipa chini ya hapo. Uhariri wa kujitegemea ndio ulionilipia bili katika miaka ambayo hadithi zangu hazikuuzwa.

Soma pia mikataba kwa makini ileile unayosomea miswada. Tafuta kifungu kinachoeleza ni lini haki zitakurudia kitabu kisipouzwa tena, na haki za tafsiri na za filamu usizitoe kwa kuwa tu zimetajwa katika fomu. Riwaya yangu ya pili iliachwa na mchapishaji baada ya toleo moja, na kwa kuwa mkataba haukuwa na kifungu hicho, ilinichukua miaka sita ya barua kuirudisha mikononi mwangu.