Maswali na majibu: Chembe za sumaku, kutoka mwalo wa dhahabu hadi maabara

Barua nyingi zilizonifikia kutoka Kanda ya Ziwa zinahusu kitu kimoja ambacho wasomaji wamekikuta mahali tofauti: ungaunga mweusi unaokimbilia sumaku. Wengine wameukuta kwenye karai la dhahabu, wengine kwenye unga wa sembe, wengine kwenye mashine za hospitali. Ninajibu barua nane. Zile zenye mambo mengi nimezipa nafasi kubwa.

Mimi ni mchimbaji mdogo mkoani Geita. Baada ya kuosha kwenye mwalo (mfereji uliotandikwa zulia wa kuoshea mchanga), dhahabu hubaki na mchanga mweusi, na wenzangu huutoa kwa sumaku. Je, sumaku haiondoki na dhahabu yangu?

Dhahabu yenyewe hainaswi na sumaku, hata sumaku iwe kali kiasi gani. Huo mchanga mweusi kwa sehemu kubwa ni magnetiti, yaani madini ya chuma na oksijeni, ambayo yamejaa katika miamba ya chuma yenye matabaka ya ukanda wa Geita. Mchanga mweupe ni mzito mara 2.6 hivi kuliko maji ya ujazo uleule, magnetiti ni nzito mara 5.2, na dhahabu safi mara 19. Kwa hiyo maji ya mwalo huuchukua mchanga mweupe, lakini magnetiti hung'ang'ania kwenye zulia pamoja na dhahabu. Humo mna pia vipande vya chuma vilivyomeguka kwenye gololi za karasha, yaani mashine ya kusaga mawe, ambavyo havikutoka ardhini kabisa.

Hata hivyo wasiwasi wako una msingi. Chembe za magnetiti zinapoiendea sumaku hushikana zikafanya vishungi vilivyosimama wima, na punje za dhahabu zilizokuwa katikati yake hubebwa humo ingawa hazikuvutwa. Ukitumia sumaku kali iliyotolewa kwenye diski ya kompyuta, vishungi huruka kwa pamoja na hasara huongezeka. Kwa kazi hii naona sumaku ya spika iliyo dhaifu ni bora zaidi. Ukaushe mchanga kabisa, kwa maana unyevu hugandisha punje, kisha uutandaze mwembamba kwenye karatasi laini. Ifunge sumaku kwa kipande cha nailoni na kuipitisha juu bila kugusa, ukianzia kimo cha vidole vitatu na kushuka polepole. Ukifika kwenye chombo cha pembeni, ichomoe sumaku kutoka kwenye nailoni na mchanga wote utaanguka. Mchanga huo usiutupe: utandaze tena, upitishie sumaku mara ya pili na ya tatu, halafu uuoshe kwenye karai. Ile dhahabu iliyofungwa ndani ya punje ambazo karasha halikuzivunja itahitaji kusagwa upya, na hapo sumaku haikusaidii.

Faida ninayoithamini kuliko zote ni kupungua kwa zebaki inayotumika kunasa dhahabu. Mchanga mweusi ukishaondoka, kinachobaki ni kidogo na kinahitaji zebaki kidogo zaidi. Na wale wanaoyeyusha dhahabu kwa boraksi bila zebaki kabisa hufanya kazi kwa urahisi zaidi chuma kikiwa kimeondolewa kwanza.

Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha sita hapa Nyamagana. Naomba njia ya kutengeneza chembe za magnetiti kwa vifaa vya maabara ya shule.

Marahaba. Njia ipo, na inatumiwa hata katika maabara kubwa duniani. Ilipata umaarufu kupitia kazi ya Mfaransa René Massart iliyochapishwa mwaka 1981. Msingi wake ni kuchanganya chumvi mbili za chuma ndani ya maji, moja ikiwa na chuma chenye chaji 2 na nyingine chaji 3, kwa uwiano wa 1 kwa 2, kisha kuongeza alikali.

Pima gramu 5.4 za kloridi ya chuma yenye chaji 3 (ile yenye molekuli 6 za maji) na gramu 2.8 za salfeti ya chuma yenye chaji 2 (yenye molekuli 7 za maji). Iangalie vizuri hiyo salfeti kabla ya kupima: fuwele zake ziwe za kijani kilichopauka. Zikiwa zimegeuka rangi ya kutu, hewa imekwisha kuziharibu, na uwiano wako utakuwa umevunjika hata kama mizani imesema kweli. Yeyusha chumvi zote mbili katika mililita 100 za maji safi yaliyochemshwa na kupozwa yakiwa yamefunikwa, ili oksijeni iliyomo iwe imetoka. Koroga kwa nguvu huku ukidondosha takriban mililita 20 za amonia ya asilimia 25. Mchanganyiko uliokuwa wa rangi ya chungwa iliyoiva utageuka mweusi mbele ya macho yako, na hizo ndizo chembe, nyingi zikiwa na kipenyo cha nanomita 10 hivi (nanomita 1 ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Amonia huunguza macho na koo, kwa hiyo fanya kazi hii mbele ya mwalimu wako wa maabara, ndani ya kabati la moshi au penye hewa ya kutosha, ukiwa umevaa miwani na glavu.

Sasa weka sumaku chini ya bika, subiri weusi utulie, mimina maji ya juu, ongeza maji safi na urudie mpaka harufu iishe na karatasi ya litmasi isibadilike. Ukipata gramu 2.3 za unga mkavu umefikia kiwango cha juu kabisa ambacho hesabu inaruhusu. Ukipata unga wa kahawia, ama hewa iliingia ama uwiano ulikosewa. Maabara zenye uwezo hupitisha gesi ya nitrojeni muda wote kwa sababu hiyo.

Jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka ni ngozi ya chembe. Chembe tupu hushikana na kuota kutu. Ukizipasha moto pamoja na asidi ya sitriki au asidi ya oleiki, kila chembe huvishwa tabaka jembamba linaloizuia kushikana na jirani yake. Kwa oleiki zinaweza kuelea ndani ya mafuta ya taa, nawe ukawa na kimiminika kinachofuata sumaku. Kimiminika cha namna hiyo kilibuniwa mwaka 1963 na Steve Papell wa NASA nchini Marekani, aliyetafuta namna ya kuyaongoza mafuta ya roketi mahali ambapo vitu havina uzito. Yeye aliisaga magnetiti kwa muda mrefu badala ya kuitengeneza kwa kemia. Anayetaka chembe zote zilingane ukubwa hutumia njia nyingine, kama ile ambayo watafiti wa Korea Kusini waliitangaza mwaka 2004 ya kuchemsha oleati ya chuma katika kiyeyushi hadi nyuzi 320 hivi za Selsiasi. Hiyo si kazi ya maabara ya shule.

Mimi ni fundi redio. Nimesaga sumaku ya spika, na unga wake bado unashikana wenyewe kwa wenyewe. Lakini nimesoma kwamba chembe ndogo sana hazina sumaku mpaka usogeze sumaku karibu. Ipi ni kweli?

Zote mbili, ndugu yangu, kwa sababu tofauti iko katika ukubwa. Ndani ya kipande kikubwa cha magnetiti mna maeneo mengi, kila moja likielekeza usumaku wake upande wake. Ukipunguza ukubwa hadi nanomita 80 hivi, chembe hubaki na eneo moja tu. Ukishuka chini ya nanomita 20 hivi, joto la kawaida la chumba linatosha kuugeuzageuza mwelekeo huo mara nyingi mno kwa sekunde, na ukiipima chembe kwa muda mrefu kidogo utaiona kama haina sumaku yoyote. Zisogezee sumaku na zote zitaelekea upande mmoja kwa nguvu. Iondoe, na zitasahau. Ni kama dagaa wanavyokusanyika chini ya karabai usiku na kutawanyika taa ikizimwa. Mfaransa Louis Néel alilieleza jambo hili mwaka 1949, na mwaka 1970 alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi zake za usumaku.

Unga wako wa spika haukufika huko. Kwa mkono mtu husaga hadi mikromita tu, na mikromita 1 ni nanomita 1,000. Isitoshe, sumaku ya spika imetengenezwa kwa ferati (oksaidi ya chuma iliyochanganywa na metali nyingine) ya bari au stronti, ambayo hushikilia mwelekeo wake kwa ukaidi kuliko magnetiti.

Inanifurahisha kwamba viumbe walilijua hili kabla yetu. Mwaka 1975 Richard Blakemore wa Marekani alitangaza bakteria wa matope wanaojijengea ndani ya mwili msururu wa fuwele za magnetiti zenye nanomita 35 hadi 120 hivi, ukubwa unaotosha ili kila fuwele iwe na eneo moja na isisahau. Kwa msururu huo huogelea wakifuata uga wa sumaku wa dunia hadi kwenye tope lenye oksijeni kidogo wanayoipenda.

Nimepitisha sumaku kwenye unga wa sembe niliosagisha mtaani, ikatoka na vumbi jeusi. Je, unga huu unafaa? (Mama wa Ilemela)

Mama, hicho ni chuma kilichomeguka kwenye nyundo na chekeche za mashine zilizochakaa, na hakitakiwi kuwemo. Mashine inapaswa kuwa na sumaku juu, mahindi yanapoingilia, na nyingine mahali unga unapotokea, na zote zifutwe kila siku, maana sumaku iliyojaa huachia ilichonasa kirudi kwenye unga. Mwonyeshe mwenye mashine vumbi hilo. Tahadhari moja tu: unga ulioongezewa virutubisho kiwandani unaweza kuwa na chuma laini kilichowekwa makusudi, lakini hicho hakiwahusu waliosagisha mahindi yao wenyewe.

Nafanya kazi katika maabara ya kituo cha afya Ukerewe. Nasikia chembe za sumaku zinatumika kupima magonjwa. Zinafanyaje, na je, zinaweza kutusaidia kwa kichocho?

Swali lako ndilo lililonifanya nifurahie kuandika safari hii. Chembe zinazotumika maabara mara nyingi ni vijiduara vya mikromita 1 hadi chache, vilivyojazwa fuwele ndogo za oksaidi ya chuma ndani ya plastiki au silika, ile malighafi ya kioo. Vijiduara vya plastiki vyenye ukubwa unaolingana vilitokana na kazi ya John Ugelstad wa Trondheim, Norwei, katika miaka ya 1970; baadaye vikatiwa chuma. Juu yake hubandikwa kitu kinachokamata kile unachokitafuta. Katika kupima wingi wa virusi vya UKIMWI, kwa mfano, mitambo mingi huzitumbukiza chembe ndani ya sampuli iliyovunjwa kwa chumvi kali. Vinasaba vya virusi hushika silika, sumaku huzivuta chembe ukutani mwa kichupa, uchafu huoshwa, kisha vinasaba huachiwa ndani ya kimiminika safi. Hakuna kuzungusha sampuli kwenye sentrifuji kila hatua, na ndiyo maana mtambo unaweza kuifanya kazi yote wenyewe.

Kwa kichocho cha tumbo, ambacho kinatuandama mwambao wote wa ziwa, ipo mbinu iitwayo Helmintex iliyotangazwa na watafiti wa Brazili mwaka 2007. Mayai ya kichocho hushikana na chembe za sumaku. Unachukua gramu 30 za kinyesi, unachuja na kuosha mara kadhaa, unaondoa mafuta kwa asetati ya ethili, unachanganya masalia na chembe, unaweka kichupa kando ya sumaku, unamwaga kisichonaswa na kusoma kilichobaki kwa hadubini. Linganisha na slaidi ya Kato-Katz unayoijua, ile ya kawaida ya kutafuta mayai kwenye kinyesi kwa hadubini, ambayo hubeba miligramu 41.7 tu. Mtu mwenye mayai machache, kama wengi walivyo baada ya duru za dawa ya kichocho, prazikwanteli, slaidi humkosa kwa urahisi.

Hata hivyo nakushauri usiitafute kwa kazi ya kila siku. Hatua zake ni nyingi na huchukua muda mrefu kwa sampuli moja, kwa hiyo inafaa zaidi utafiti na maeneo ambayo ugonjwa umepungua kiasi kwamba kila mgonjwa aliyebaki lazima apatikane.

Je, bangili ya sumaku inatibu maumivu? Na ni kweli chembe hizi hutibu saratani?

Bangili haijathibitishwa kutibu chochote, na chuma cha damu hakivutwi nayo. Kuhusu saratani, mwaka 2010 Ulaya iliidhinisha tiba ya uvimbe wa ubongo ambamo chembe za oksaidi ya chuma huchomwa ndani ya uvimbe na kupashwa joto kwa uga wa sumaku unaobadilika mara 100,000 kwa sekunde, pamoja na mionzi. Ni kazi ya hospitali maalumu.

Kijiji chetu kipo karibu na machimbo ya dhahabu, na tunaambiwa kisima kina arseniki. Je, tunaweza kuisafisha kwa chembe za sumaku?

Miamba ya dhahabu mara nyingi hubeba arseniki, na baadhi ya visima kusini mwa ziwa vimekutwa na kiasi kinachozidi mikrogramu 10 kwa lita, kiwango cha mwisho kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ni kweli arseniki hushika uso wa oksaidi ya chuma. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, walionyesha kwamba magnetiti ya nanomita 12 huikamata vizuri, kisha huondolewa kwenye maji kwa sumaku isiyo kali. Chembe zikiwa ndogo hivyo, gramu chache huwa na uso mpana sana wa kushikia sumu.

Lakini msijaribu kijijini. Chembe zilizoshiba arseniki ni taka yenye sumu inayohitaji mahali pa kuwekwa, na asiyeweza kupima maji baada ya kuyasafisha hana namna ya kujua kama yamekuwa salama. Msiyachemshe mkidhani arseniki itaondoka, maana maji hupungua na arseniki hubaki. Peleka sampuli maabara ya maji ya serikali iliyopo Mwanza, na wakati mkisubiri majibu tumieni maji ya mvua au chanzo kingine kilichopimwa kwa kunywa na kupikia.

Nachomelea shafti za boti Kirumba. Ninawezaje kuona nyufa ambazo macho hayazioni?

Hapa chembe za sumaku zimekuwa kazini tangu miaka ya 1920. Shafti ya chuma ikitiwa sumaku, uga hupita ndani yake kwa utulivu. Ukikutana na ufa hulazimika kutoka nje, na unga wa chuma uliomwagwa juu hujipanga hapohapo na kuuchora ufa kwa mstari mweusi. Safisha shafti hadi chuma kionekane, ipake rangi nyeupe nyembamba inayotengenezwa kwa kazi hii, itie sumaku kwa nira ya umeme (sumaku ya umeme yenye miguu miwili), nyunyiza unga na upulize kidogo. Kisha geuza nira kwa nyuzi 90 na urudie, kwa maana ufa unaokwenda sambamba na uga hauonekani. Vumbi la grainda lina punje kubwa zisizolingana na huonyesha nyufa kubwa tu, kwa hiyo usilitegemee kwa shafti itakayobeba abiria.

Njia hii haifai kwa propela ya shaba au alumini, wala kwa chuma kisichoshika kutu ambacho sumaku haikivuti. Kwa hizo tumia rangi inayopenya. Ukimaliza, ondoa sumaku iliyobaki kwenye shafti kwa kuipitisha ndani ya koili ya umeme wa AC na kuitoa polepole ukiwa bado umewasha, la sivyo itaokota vumbi la chuma na kulipeleka kwenye beringi.