Maswali yenu kuhusu mafuriko ya Sabaki

Hapa Malindi hakujanyesha hata tone, mbona Sabaki umefurika?

Maji hayo ni ya bara. Mto huu huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukakutana na Tsavo ukawa Galana, kisha ukaingia baharini kaskazini ya mji wetu kwa jina la Sabaki. Kwa hivyo mkaaji wa bondeni anayetazama mawingu ya kwao pekee hujidanganya. Wakati wa masika na vuli yampasa afuatilie pia habari za mvua ya bara. Walio karibu na mlango wa mto wahesabu na mwezi, kwa kuwa bamvua, yaani maji makuu ya bahari wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huyazuia maji ya mto yasitoke upesi.

Hatuna mtaalamu kijijini. Tutajuaje nyumba zipi zitafikiwa?

Anzeni kwa wazee. Tembeeni nao, kila mmoja aonyeshe maji yalifika wapi mwaka 1961, 1997 na 2023, kwenye mti, kizingiti au ukuta ambao tope liliacha mstari wa kahawia. Mstari huo utieni rangi kabla haujapakwa chokaa ukapotea. Kisha chukueni mpira mwembamba unaopitisha nuru, ule wa fundi wa kusawazisha msingi, mkaujaze maji: ncha moja ishikwe kwenye alama, nyingine ipelekwe nyumba ya jirani, nayo maji yatasimama kimo kile kile pande zote mbili. Mkienda hivyo nyumba kwa nyumba, mtajua wapi maji yangefika magotini na wapi kifuani. Nawasihi mwanze na nyumba za wagonjwa na wazee wasioweza kutembea, maana hao ndio wa kuhamishwa mwanzo, tena mchana.

Je, tuyaache mashamba ya bondeni?

Sioni sababu, kwani tope la mto ndilo linalorutubisha udongo wenu. Limeni bondeni, lakini kulala na kuweka akiba ya mahindi kuwe juu ya alama ya mafuriko.

Maji yamepungua na kisima kinaonekana safi. Tuchote?

Msichote ya kunywa. Mafuriko hupitia vyoo vya shimo, na kipindupindu hakionekani kwa macho. Mwiteni afisa wa afya ya umma akitie dawa kisima na kuyapima maji. Hadi hapo tumieni maji ya kwingine yaliyochemshwa.