Mwanangu, "tumwombee" isiwe mlango wa kusema yote

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Umeniuliza kuhusu kile kikao cha jumuiya yenu, majirani Wakatoliki mnaokutana kusali. Wakati wa nia za maombi ulimtaja jirani yenu, ukaeleza kwamba mumewe amehama nyumbani, na sababu ukaitoa. Yote ni kweli. Je, ni dhambi?

Umekosea, mwanangu, ingawa hukusema uongo. Tukisikia Amri ya Nane, "Usimshuhudie jirani yako uongo", tunafikiria uongo tu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kitabu cha mafundisho yetu, namba 2477, inataja makosa matatu dhidi ya jina la mtu: kumhukumu moyoni bila msingi wa kutosha, kumsingizia, na kufichua kasoro zake za kweli kwa wasiozijua, bila sababu ya haki. Hili la tatu ndilo linalotunasa sana sisi watu wa kanisani, maana huja limevaa nguo ya sala.

Sababu ya haki ipo pale unayemwambia anapoweza kuzuia madhara. Mtoto akiumizwa, mama akitishiwa maisha, fedha za jumuiya zikiibwa, kunyamaza ndiko dhambi. Lakini hapo utakwenda polisi, ustawi wa jamii au kwa paroko, si kwa kila aliyekaa mkekani. Na mtu akikukosea wewe, Mathayo 18:15-17 imepanga ngazi: wewe na yeye peke yenu, asiposikia, mchukue mmoja au wawili, akikataa na hao, ndipo kanisa. Sisi hurukia ya tatu hata kabla ya kubisha hodi kwa mwenzetu.

Basi kabla ya kumtaja mtu, mwulize: "Ningependa tukuombee kwenye jumuiya. Niseme nini?" Useme hicho alichokuruhusu, usizidishe. Kama hujamwuliza, "tuziombee ndoa zinazopita kwenye majaribu" inatosha. Usiongeze "dada mmoja wa nyumba ile ya kona"; hapo umeshamtaja. Mungu anazijua habari zake zote, hayo maelezo ni ya masikio yetu.

Akianza mwingine, chunga sikio. "Enhe, ikawaje?" ni kuni, na Mithali 26:20 yasema moto hufa kwa kukosa kuni. Sema kwa upole, "Tumwombee, hayo mengine tumwachie mwenyewe," kisha anzisha Baba Yetu papo hapo. Ukiacha kimya, mtu atakijaza. Kwenye kundi la WhatsApp jihadhari zaidi na ujumbe wa sauti: hata ukiufuta kwa wote, aliyekwisha kuusikiliza ameusikia, na aliyeusambaza ameusambaza.

Sasa kurekebisha. Namba 2487 ya Katekisimu inasema kosa dhidi ya haki na ukweli linadai fidia hata kama umesamehewa. Yangekuwa masingizio, ungerudi kwa watu wale wale ukayakanusha. Haya ni kweli, na ukiyakanusha utakuwa umeongeza uongo. Ndiyo maana kosa hili ni gumu kulitibu. Waambie, "Sikuwa na ruhusa ya kusema yale. Naomba yasiende mbele." Usiyarudie hata kwa kuyafafanua. Jina lake likitajwa tena, sema jema lake unalolijua kwa hakika.

Kwenye kitubio, ungama kwamba umefichua siri ya mtu mbele ya watu. Jina na kisa viache, padri havihitaji; vinginevyo utamsengenya hata pale. Kuhusu kumwomba yeye msamaha: kama maneno yamemfikia, nenda wiki hii hii, usimtume mtu. Kama hayajamfikia, usikimbilie kumweleza ili wewe upate nafuu, maana unaweza kumtonesha kidonda. Hilo ulitafute shauri kwa padri.

Ila kamjulie hali hata hivyo. Usiende na maswali. Mbebee mtoto, msaidie kuchota maji, na akitaka kuzungumza, msikilize mpaka mwisho.

Mama yako