Mdogo wangu amefungwa miaka sita: parole, ufundi na kurudi mtaani

SWALI: Shikamoo. Naandika kutoka Makambako. Mdogo wangu wa kiume alihukumiwa miaka 6 kwa kuvunja duka usiku na kuiba. Ametumikia mwaka mmoja na nusu. Gereza limejaa, anasema wanalala ubavu na akigeuka mmoja wanageuka wote. Tulitegemea afundishwe ufundi, lakini tangu aingie ni jembe tu. Je, anaweza kupata parole? Tufanye nini ajifunze kitu? Na akitoka ataishije hapa, maana mwenye duka ni jirani yetu?

JIBU: Marahaba, dada. Nitaanza na hesabu, kwa sababu ndugu wengi wa wafungwa hawaijui na wanapoteza muda wakisubiri msamaha wa Rais.

Kifungo cha miaka 6 kwa kawaida hakitumikiwi chote. Sheria ya Magereza inampa mfungwa punguzo la theluthi moja ya adhabu, alimradi asilipoteze kwa utovu wa nidhamu. Kwa mdogo wako theluthi hiyo ni miaka 2, kwa hiyo akitulia ataondoka akitimiza miaka 4. Parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, ni kitu kingine. Sheria ya Bodi za Parole ni ya mwaka 1994, na masharti yake ya msingi ni haya: kifungo kiwe cha miaka 4 au zaidi, mfungwa awe ametumikia theluthi moja, awe na tabia njema, na asiwe amefungwa maisha wala kwa makosa kama unyang'anyi wa kutumia silaha, dawa za kulevya au ubakaji. Kuvunja duka na kuiba hakumo katika makosa yaliyozuiwa. Kwa hiyo atafikia sifa ya kufikiriwa miezi sita ijayo, na kati ya siku hiyo na siku ya punguzo kuna miaka 2 mizima ya kuhangaikia.

Nimesema kufikiriwa. Jina linaanzia gerezani, linapita Bodi ya Mkoa, linakwenda Bodi ya Taifa, kisha kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Akitoka kwa parole anabaki chini ya uangalizi, na akivunja masharti anarudishwa kumalizia. Kila ngazi ina mafaili yake mezani. Faili likikosa karatasi moja halikataliwi, linakaa tu, na ukweli ni kwamba kukaa kunaumiza kuliko kukataliwa, maana hakuna anayekujulisha.

Sasa kuhusu jembe. Usidhani wamemwonea. Kwa miaka mingi magereza yetu ya Bara yalikuwa na nafasi rasmi 29,902, na katika muongo wa 2010 kuna vipindi ambavyo waliokuwa ndani walizidi 35,000. Karibu nusu yao walikuwa mahabusu, watu ambao kesi zao bado zinaahirishwa, na kwa sababu hawajahukumiwa hawapangwi kwenye mafunzo wala kwenye kazi za wafungwa. Lakini wanakula, wanalala, wanahesabiwa asubuhi na jioni, wanapelekwa mahakamani kwa karandinga chini ya ulinzi. Askari ambaye angesimamia karakana ndiye huyo anayesindikiza mahabusu kwenda kusikia kesi imepangiwa tarehe nyingine. Wakiulizwa kwa nini mfungwa wako hasomi, watakutajia uhaba wa vifaa. Vifaa ni haba kweli, lakini kinacholiwa zaidi na msongamano ni muda wa askari.

Kitu cha pili kinacholiwa ni upangaji. Mtu akiingia gerezani anatakiwa kuchunguzwa: ana umri gani, ni kosa lake la kwanza au la nne, alikuwa akifanya kazi gani, amesoma hadi wapi, kilichomsukuma ni njaa, pombe au rafiki. Kutokana na hapo ndipo aamuliwe alale na nani na afanye kazi gani. Kanuni za Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha mwaka 2015, zinataka mahabusu watenganishwe na waliohukumiwa, na zinataka maisha ya mfungwa baada ya kutoka yafikiriwe tangu anapoanza kifungo. Palipojaa, mtu anapelekwa penye upenyo. Kijana wa kosa la kwanza anaweza kulala pembeni ya mvunjaji mzoefu kwa miezi, na huyo mzoefu ana muda wote wa kufundisha. Hayo ndiyo mafunzo ambayo hayakosi mwalimu. Ukienda kumwona, muulize analala na akina nani kabla ya kumuuliza anakula nini.

Halafu kuna chakula chenyewe. Julai 2018, Rais Magufuli alipomwapisha Kamishna Jenerali mpya wa Magereza, alisema wazi kwamba wafungwa wazalishe chakula chao badala ya kulishwa na serikali. Tangu hapo mkuu wa gereza lenye mashamba anapimwa kwa magunia. Mimi sina ugomvi na kilimo. Kijana akifundishwa kupima nafasi ya mbegu, kuweka mbolea na kuhifadhi mahindi, huo ni ujuzi. Kupalilia kwa filimbi kuanzia asubuhi hadi lokapu, saa ya kufungiwa ndani, si mafunzo, hata kama kwenye taarifa yanaandikwa hivyo.

Karakana zipo, ila ni chache. Mbeya kuna chuo cha ufundi katika Gereza la Ruanda, Moshi kuna kiwanda cha viatu cha Karanga, na Ukonga kwa muda mrefu wametengeneza samani. Mnaweza kuandika barua kupitia kwa mkuu wa gereza lake mkiomba ahamishiwe penye mafunzo. Hawalazimiki kukubali, na hamtakuwa peke yenu mlioomba. Kwa hali yenu ningeomba Mbeya tu. Makambako hadi Mbeya mnaweza kwenda na kurudi. Mkimsukuma hadi Moshi mtamwona mara moja kwa mwaka, na mfungwa asiyetembelewa anatafuta ndugu wapya humo ndani. Uhamisho ukikwama, msikate tamaa. VETA wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini bila kupita darasani. Kama alishawahi kushika mwiko wa kujenga au kuchomelea, basi mlango huo uko wazi siku atakayotoka.

Kuhusu msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba: upo, na unapunguza msongamano kwa siku moja kuliko mpango wowote. Tarehe 9 Desemba 2019 walisamehewa wafungwa 5,533, na tarehe 26 Aprili 2021 walisamehewa 5,001. Familia zilishangilia, na zilikuwa na haki ya kushangilia. Lakini mtu anayeambiwa leo kwamba kesho anaondoka hajaandaliwa, na nyumbani hajaandaliwa. Msijenge matumaini juu ya sikukuu ya kitaifa.

Nifike kwa jirani mwenye duka, kwa sababu hapo ndipo faili la mdogo wako litapita au litakwama. Bodi hutaka kujua anakotoka wanasemaje. Mtendaji na mwenyekiti wa mtaa wataulizwa. Mwenye duka akisema huyo kijana akirudi hapa patachimbika, bodi gani itajitwisha mzigo huo? Kwa hiyo msisubiri maofisa waje kuuliza. Tumeni watu wazima wawili, wasiwe vijana wala wewe dada unayelia, waende kwake kwanza kumsikiliza. Najua familia nyingi zinaona aibu kufanya hivi, na nyingine zinasema kijana ameshalipa kwa kufungwa. Kwa serikali amelipa, lakini jirani bado anaona rafu tupu. Kama mnaweza kurudisha sehemu ya thamani ya mali, hata kwa mafungu, fanyeni hivyo mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mwandikishane. Karatasi hiyo ina uzito kuliko barua ya sifa kutoka kwa mtu asiyemjua. Akikataa kabisa, msimlazimishe wala msimtumie watu kila wiki. Tafuteni ndugu katika mji mwingine atakayekubali kwa maandishi kumpokea, na jina la mtaa huo ndilo lipelekwe gerezani.

Nenda ukaonane na afisa ustawi wa gereza siku isiyo ya kutembelea, wakati hakuna foleni. Muulize mambo mawili: tarehe ya theluthi ya kwanza na tarehe ya kutoka kwa punguzo, vyote vimo kwenye kumbukumbu zao. Mwambie nani atampokea, wapi, na kazi gani inamsubiri. Kazi isiwe ya kubuni. Kumsaidia mjomba kwenye banda la kuchomelea inatosha, na mjomba mwenyewe aandike na kuweka namba yake ya simu. Hakuna atakayekuambia ulete haya. Mwenye wafungwa mia kadhaa mikononi atalishughulikia mapema faili ambalo limeshakamilika.

Mwisho, vitambulisho. Kanuni za Mandela zinasema anayetoka awe na nyaraka zake, nguo za kufaa na nauli ya kumfikisha. Msitegemee. Tafuteni sasa cheti chake cha kuzaliwa na namba yake ya NIDA. Bila NIDA hasajili laini, na bila laini hapokei hata malipo ya kibarua. Laini yake ya zamani huenda imeshafungwa na namba kupewa mtu mwingine, kwa hiyo asiitaje kwenye fomu yoyote; waandike namba yako.

Afisa Probesheni