Utitiri kwenye nyanya: nimepulizia mara tatu imeshindikana, je, nichanganye dawa?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Niko Ilula, nina nyanya na biringanya nyuma ya nyumba, mashina kama 60. Tangu mwezi wa tisa majani yana vidoti vya njano, na chini yake kuna vijidudu vyekundu na utando. Nimepulizia cypermethrin mara tatu, kila siku ya nne, lakini vinazidi tu. Muuza duka anasema nichanganye dawa mbili, sabuni ya unga na busta (ya kukuzia mimea) kwenye bomba moja. Nifanye hivyo?

JIBU: Usifanye, mama. Na hiyo cypermethrin iache leo, maana inawezekana kabisa ndiyo inayowazidisha. Utitiri si mdudu wa miguu sita. Ni ndugu wa kupe na buibui, na dawa nyingi za wadudu hazimfikii. Zile ambazo jina lake kwenye lebo linaishia na "-thrin" zinaua wadudu marafiki wanaomla, yeye anabaki. Anakaa chini ya jani, mpuliziaji analowesha juu. Ukipulizia mara tatu, umemfagilia uwanja mara tatu. Hili naulizwa kila kiangazi, na kila mara dukani jibu ni dawa kali zaidi.

Anza na majani yaliyokauka na yenye utando: yakate, yatie kwenye mfuko hapo hapo, uyachome. Usiyaburute katikati ya mistari. Ng'oa mnavu ulioota pembeni, kwa sababu utitiri mwekundu wa nyanya unaupenda sana. Mwagilia vizuri, na kama bustani iko kando ya barabara ya vumbi, osha majani kwa maji. Mmea wenye kiu na vumbi ndio unaoshambuliwa kwanza.

Kisha sabuni ya kipande, si ya unga. Kwangua gramu 100, yeyusha kwa maji ya moto kidogo, chuja, jaza hadi lita 10. Jaribu majani matatu, subiri siku nzima. Yasipoungua, pulizia jioni, ncha ya bomba ikielekea juu, mpaka chini ya jani pachuruzike. Sabuni inaua kinachoguswa ikiwa bado mbichi. Ikikauka imekwisha kazi. Mayai hayafi, na kwa joto la Septemba na Oktoba yai hufikia utu uzima kwa wiki moja hadi mbili hivi. Kwa hiyo rudia kila siku ya tano, mara tatu. Wengi huacha baada ya mara ya kwanza, halafu wanasema sabuni ni uongo.

Ukishindwa, nunua dawa ya utitiri yenyewe, kama abamektini au salfa, kwa kipimo cha lebo. Salfa usipulizie jua kali, wala ndani ya wiki mbili za dawa ya mafuta. Abamektini ni sumu kwa nyuki: jioni tu. Hesabu siku za kusubiri kabla ya kuchuma, zilizoandikwa kwenye lebo.

Kuhusu mchanganyiko wa bomba moja, sabuni ya unga huunguza majani, busta haiui chochote, na dawa mbili zisizomhusu utitiri hazigeuki kuwa moja inayomhusu. Nyanya hizo mtazila nyumbani. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji, isiyo na lebo wala namba ya usajili, mrudishie muuzaji hata akikuapia.